Bonde la Kozaburo

Saa kumi alfajiri. Theluji ya Hakodate imepanda hadi nusu ya dirisha.
Nimevipanga vinoo vya mume wangu juu ya taulo bichi
kama mtu anayepanga meno ya bandia ya marehemu,
asijue ayatupe au ayaoshe.

Hiki cha kijivu, cha kuanzia, hunywa maji hakishibi.
Ukikitia ndooni kinatoa mapovu, kinakoroma.
Hakikuwahi kuzeeka; kililika tu.
Alikinunua kikiwa tofali,
baada ya miaka mitatu kikawa kipande cha sabuni ya kufulia.
Akanunua kingine. Na kingine.
"Mkarimu huisha upesi," alikuwa akisema,
nami namjibu, "Na mjinga vilevile."

Hiki cheusi ni cha mafuta, kimetoka Arkansas;
baharia mmoja alikiacha kwa deni la ngisi, hakurudi.
Miaka arobaini hakijapungua hata unene wa ukucha.
Lakini kimegeuka kioo.
Kisu hupita juu yake kama mgeni asiyekaribishwa ndani,
huondoka kama kilivyokuja.
Kuchakaa nako kuna namna zake:
wako wasiopungua, na hawakupi kitu.

Sahani ya almasi aliileta Shunpei, mwanangu, kutoka Sapporo.
"Hii haichimbiki, Baba." Kweli,
ni tambarare leo kama siku ile ilipofunguliwa.
Ipapase, basi. Kingoni inauma bado,
katikati ni upara, chuma kitupu.
Chembe zake zimetoka mojamoja bila kuaga,
na macho hayakuona lolote.

Kisha hili la manjano.
Jiwe la milima ya nyuma ya Kyoto,
machimbo yake yalifungwa Shunpei hajazaliwa.
Baba mkwe alilinunua kwa bei ya farasi,
mama mkwe hakusema naye msimu mzima.
Hili haliliki kwa mwaka. Hulika kwa ukoo.
Haba na haba hujaza kibaba, husemwa;
haba na haba hukimaliza pia.

Kozaburo alikuwa wa shoto.
Visu vyake viliagizwa mbali, bei juu,
na bega lake, tangu alipoteleza gatini, halikunyooka tena,
ndiyo maana bonde la jiwe hili halikukaa katikati.
Limelalia kona moja, refu, la kina kifupi.
Nimeweka yai humo. Limetulia.

Shunpei akaja na penseli.
Jiwe lenye bonde, anasema, hukipa kisu tumbo,
nami najua, nimeoa kazi hii kabla yake.
Akachora miraba juu ya jiwe lote,
akamimina maji, akalisugua kwa sahani ya almasi.
Mistari ya kingoni ilifutika kwanza.
Iliyobaki ilibaki bondeni,
na kwa dakika moja, sijui kama na yeye aliona,
palikuwa na umbo pale, la kijivu juu ya manjano,
la kazi ya mkono wa kushoto miaka hamsini na miwili.

Tope jeupe likashuka kwenye karo.
Sikuziba tundu. Kozaburo angenicheka.
Umbo likawa kiganja, kisha jani,
kisha mstari mmoja, mfupi kuliko njiti ya kiberiti.
"Huo uache," nikasema.
"Mama, kisu kitajua."
"Na kijue."

Ngisi wa kwanza leo alikatika kama karatasi,
kila kipande kinaonyesha upande wa pili,
isipokuwa mahali padogo karibu na ncha,
pale nyama ilipojivuta kidogo kabla ya kuachia.
Hicho kipande sikumpa mteja.
Nilikila nimesimama, bila chumvi.