Dakika Mbili

Babu yangu, Koplo Hezroni Mudaki, hakumpiga punda.
Rhonda nzima ilimcheka. Mikokoteni ya wenzake
ilipita kwa mijeledi na matusi, maji yakimwagika,
yeye nyuma, polepole, mkono begani pa mnyama,
akimnong'oneza kwa Kilogoli
kana kwamba anamsindikiza mgonjwa chooni.

Punda aliitwa Kalewa.
"Nani kalewa, Babu?" tukaangua kicheko.
"Ni mji. Kuna mto. Tuliuvuka usiku."
Basi. Hakuwa mtu wa sentensi ndefu.

Nyanya ndiye aliyenimegea, kidogo kidogo, akichambua mrenda:
kwamba kule Burma, katika jeshi la Keya, alikabidhiwa nyumbu saba,
na daktari wa jeshi alikuwa amewakata sauti kooni
ili adui asiwasikie msituni.
Walibeba risasi, unga, majeruhi,
wakapanda matope yaliyofika tumboni,
na aliyevunjika mguu alipanua kinywa, meno yote nje,
kisitoke kitu.
"Hicho ambacho hakikutoka," Nyanya alisema,
"ndicho kinachomwamsha saa nane usiku."

Nishani mbili zilikaa ndani ya mkebe wa Kimbo
pamoja na vifungo, sindano, risiti za kanjo.
Aliahidiwa shamba, akapewa koti.
Koti tulijifunika wajukuu watatu
hadi ikabaki kola.

Kila Novemba alifunga tai, akanishika mkono
hadi makaburini, ambako mawe yamepangwa gwaride
na hakuna anayeyaambia: mguu pande.
Wazee walikuwa kumi na wawili. Mwaka uliofuata, tisa.
Tarumbeta ikalia, ikakwama, ikalia tena.
Mgeni wa heshima akatazama saa:
"Dakika mbili za kimya."

Sasa, nani angemwacha Kalewa nyumbani msimu wa maji haba?
Alikuwa nje ya ua, amefungwa kwenye mjakaranda,
madebe yakimsubiri.
Sekunde ya arobaini akainua shingo,
akalia.

Ule haukuwa mlio, ulikuwa lango zima la chuma
linalofunguliwa baada ya miaka ya kutu;
ulipanda Menengai, ukateremka, ukapanda tena.
Mgeni akakunja uso. Kuruta mmoja akatumwa na fimbo.

Babu akatoka mstarini.
Akamzuia yule kijana kwa kiganja, bila neno,
akageuka, visigino vikagongana,
akampigia punda saluti.

Mkono ulimtetemeka. Hakuushusha.
Mzee mwingine, aliyekuwa na jicho moja, akageuka pia,
halafu wa tatu, kwa mkongojo.
Tulisimama hivyo hadi Kalewa alipomaliza,
na Kalewa alikuwa na mengi.

Mkokoteni ni wangu siku hizi.
Punda huyu ni wa tatu kwa jina lile,
na saa kumi alfajiri huamsha ploti nzima.
Jirani yangu Wanjohi amekwisha kunishtaki kwa chifu.
Nilimpelekea sukari, nikamwomba avumilie:
ana saba wa kuwalilia kabla ya zamu yake mwenyewe,
na kwa hesabu yangu
bado yuko kwa wa pili.