Kumsomea Bi Mize

Riwaya imefika sura ya kumi na moja
na bibi kashamkosoa mwandishi mara saba.
"Wachambua karafuu, na mikono myeupe?
Muongo! Mwambie aje Wete
nimnusishe yangu."

Nasoma. Anakuna nazi, mbuzi ikilia chini yake.
Thuwaiba na shogaye wanunua doti moja
kwa pesa za msimu, waikata kati:
jina moja, viuno viwili.
"Hapo kapatia," na mkono unasita.

Kisha anaingia bwana mwenye kofia ya viua,
na barua, na kichupa cha haludi,
na yule shoga anageuka nyoka,
anamwibia mwenziwe mume.

"Funga kitabu."
Nafunga.
"Hakuniibia."

Hakusema hakumwibia.
Kifuu kimekwisha nyama, bado anakikuna.

"Nilimpa mwenyewe. Zuwena ana mimba, hana baba.
Mie nina baba, tena na mikarafuu kumi na minane.
Nikamwambia Msellem: sikutaki. Mji mzima ukanicheka.
Zuwena akalia mpaka akatapika,
mie nikamshika kichwa."

Baada ya Isha anafungua sanduku.
Kanga, upande mmoja, wekundu umekuwa chai.
"Na wa pili?"
"Ulibeba watoto watano mgongoni, ukaishia kazini."

Ananyoosha pindo, anasoma maandishi kwa kidole
(hajui herufi, anajua maneno)
halafu anaikunja ndogo, ndogo zaidi.

"Haya, endelea. Kwengine atasamehewa.
Ila hapo pa nyoka,
paruke."