Namba Kumi na Saba

Mwaka wa kwanza, muhula wa pili, Mwalimu Rugaimukamu
alitugawia dodoso la kurasa nne na peni moja moja,
akasema: nendeni Igombe mkapime huzuni.
Mkapime! Kana kwamba huzuni ni sangara,
ina kichwa na mkia, inalala juu ya mzani.

Nilikuwa nimezikariri nadharia kama majina ya mashemeji:
huyu anasema mtu ni kile anachotenda, basi,
mengine ni giza ndani ya sanduku;
yule anashuka na taa kwenye ndoto
kumtafuta mtoto wa miaka minne aliyefungiwa huko;
na yule wa umbo zima, ambaye sikumwelewa
mpaka nilipoyaona mawe ya Mwanza yamepandana,
yanaanguka ukiyatazama moja moja,
yanasimama ukiyatazama yote.

Pale mwaloni korongo watatu wenye vipara
walisimama kama makarani wanaosubiri mshahara.
Kijana akanoa kisu. Samaki bado hajaguswa,
shingo tatu zikageuka pamoja.
Nikaandika kwa furaha: kichocheo, kisu. Mwitiko, shingo.
Kisha tumbo langu nalo likanguruma,
nikakifuta.

Yeye alikuwa anageuza dagaa chanjani.
Nikamsomea ridhaa: una hiari,
unaweza kuacha wakati wowote,
jina lako halitaandikwa popote.
«Na ndilo kitu kizuri nilichonacho,» akasema.
Nikampa namba kumi na saba.

Swali la sita. Katika wiki mbili zilizopita,
ni mara ngapi umejiona huna thamani?
Moja, kamwe. Tano, kila siku.
«Wiki mbili zipi? Za giza au za mbalamwezi?»
Nikakodoa macho. Akanihurumia:
mwezi ukipevuka dagaa hawaifuati taa,
mitumbwi inalala kifudifudi,
wanaume wanashinda nyumbani na mifuko mitupu,
na sufuria zinaanza kugombana.
«Mkija mwezi mpevu, mtaandika Igombe wote wagonjwa.
Mkija gizani, mtaandika tumepona,
na mtasema ni kwa sababu yenu.»

Ningekuwa mvivu ningeandika: mwezi huleta ngumi.
Takwimu zingekubali, takwimu hazina haya.
Lakini kati ya mwezi na ngumi kuna mfuko,
na mfuko haukuwa na swali
katika kurasa zangu nne.

«Andika tatu,» akasema.
Swali la sita?
«Yote. Nikisema moja nitakuwa mwongo.
Nikisema tano utalia hapa,
na dagaa wangu hawataki chumvi.»

Ndipo wingu likatoka upande wa Ukerewe,
jeusi, halina dodoso.
Wanawake wakapiga kelele, maturubai yakafunuka,
nami nikajikuta nimepiga magoti, nazoa kwa viganja viwili,
mtafiti asiyetakiwa kugusa kitu.
Na hapo, mikono ikiwa na kazi,
macho yakiwa kwenye dagaa, si kwangu,
bila kuulizwa, akaanza kusema.

Alisema juu ya chumba, na shuka isiyofuliwa makusudi.
Niishie hapo. Nilimsomea ridhaa
kwa ajili ya maswali ishirini,
na hili halikuwa mojawapo.

Karatasi zililowa. Wino ulikimbia kuelekea ziwani.
Kokushubira alirudi na wahojiwa kumi, safi, wamepangwa,
mimi tisa na harufu.

«Kumi na saba yuko wapi?» Mwalimu akauliza,
kidole kwenye jedwali.
Nikasema: amejitoa.
Akapiga mstari kwa rula, akapunguza sampuli,
wastani ukasogea kidogo sana,
sehemu ya tatu baada ya nukta.

Vidole vyangu vilinuka dagaa hadi Alhamisi.
Jina lake nalijua.