Nyinginezo

Mwisho wa mwezi, hapa Shangani, watoto wakishalala,
Nang'olo hupunguza sauti ya televisheni,
mimi hufungua daftari.
"Mali bila daftari hupotea bila habari,"
hakuchoka kusema baba, karani wa chama cha msingi Kitangari,
aliyepima korosho za wenzake mpaka macho yakaingia ukungu.
Sisi daftari tunalo, la jalada gumu, lina utepe mwekundu.
Habari zote tunazo.
Mali ndiyo hatuioni.

Mshahara wake wa gesi, wangu wa hospitali,
na kinachobaki kwenye duka la dawa,
vikikutana mezani ni milioni sita na laki mbili.
Itamke: inajaza chumba.
Iandike: inapungua kabla wino haujakauka.

Benki, kwa nyumba hii na gari lile, milioni moja na laki nane.
Ada za Moshi, tukizigawa kwa miezi, laki tisa.
Chakula laki nane, maana ming'oko hatuili tena
ila akija mgeni wa mbali tukataka kumwonyesha kwetu.
Mafuta ya gari na jenereta, laki sita.
Luku laki tatu: viyoyozi, pampu, friji mbili,
moja ya maji ya kunywa tu.
Wazazi, wa Newala na wa Kitangari, laki nne.
Michango laki sita. Harusi tatu, msiba mmoja,
na jando la Desemba la mtoto wa shemeji,
ambalo kamati ilitupangia kabla haijatuuliza:
"Mhandisi atatoa ng'ombe."
Mhandisi alicheka.
Mhandisi alitoa ng'ombe.

Fadina, anayetupikia na kutufulia, laki moja na ishirini.
Akiba, hamsini.
Elfu.

Halafu mstari wa mwisho, ule ninaouandika haraka
kama mtu anayefagia uchafu chini ya mkeka:
Nyinginezo, laki sita na thelathini.
"Huyu Nyinginezo ni nani?" Nang'olo aliuliza mwezi uliopita.
"Analala chumba kipi? Mbona anakula kuliko wazazi wetu?"
Tukacheka, kisha hatukucheka.

Kazini kwangu wauguzi huniita mama wa mipango.
Wananiuliza waanzie wapi kuweka.
Nawaambia: weka kwanza, kula kinachobaki.
Nawaambia kwa sauti ya kujiamini,
mkono mmoja ukizima simu ya mtu anayenidai.

Tarehe kumi na tisa umeme ulikatika tangu adhuhuri.
Tangi la jenereta kavu, friji imejaa changu na pweza,
kadi ya Nang'olo mashine inaitema kama mtoto anavyotema dawa.
Nikaenda jikoni. Sikuanza na shida,
nilianza na habari za nyumbani kwao Nanyamba,
za mama yake, za mvua.
Fadina akaniacha nimalize.
Akafungua pindo la khanga, akahesabu laki moja,
noti zimekunjwa ndogo ndogo, zina joto la mwili.

Jana, nikitafuta sabuni juu ya kabati lake,
nimeliona daftari la shule, la kurasa arobaini na nane.
Sikupaswa kusoma. Nimesoma.
Kikoba, elfu arobaini, kila mwezi, bila kuruka.
Theluthi nzima ya anacholipwa!
Sisi, nilipiga hesabu nimesimama pale pale,
katika kila mia hatufikishi hata moja.
Bati, ishirini na mbili. Zimebaki kumi na nane.
Na ukurasa wa nyuma, kwa mwandiko uliotulia:
Wanaodaiwa.
Chini yake jina moja tu.
Mama. Laki moja. Mara ya tatu.

Nimelirudisha, nimelinyoosha lilivyokuwa.
Leo mishahara imeingia, nimemlipa mapema,
kabla ya benki, kabla ya ng'ombe.
Amepokea kwa mikono miwili, amesema asante,
amerudi kwenye vyombo vyake.
Nang'olo ananiuliza kutoka sebuleni,
ile laki moja naiweka mstari upi.
Kalamu iko hewani.
Naandika palepale ninapoandika siku zote.