Mikono Ina Kazi, Masikio Hayana

Vuno likija Mtambwe, mikono si yangu.
Inakuwa ya Bwana Shaame na pishi yake,
inanyambua, makonyo huku, karafuu huku,
hadi saa sita za usiku.
Masikio lakini hakuna aliyeyakodi.
Basi simu ya Time, mtoto wa dada yangu,
inalala juu ya jamvi katikati yetu
na inatusomea kitabu.

Nina maoni. Sikuulizwa, nayatoa.

Wa kwanza alikuwa na sauti ya tangazo la benki.
Kila sentensi kaipiga pasi.
Mama kafiwa na mwanawe wa pekee,
yeye anasoma kama ananiuzia bati.
Mtoe, nikamwambia Time,
mtoe kabla sijachukua mkopo.

Wa pili alisema zambi.
Zambi, mara kumi na nne katika sura moja,
nilihesabu kwa vidole vyeusi vya utomvu.
Dhambi ina ulimi, mwanangu:
unatoka kidogo, unagusa meno, unaona haya, unarudi.
Ukiitamka bila ya ulimi inakuwa nyepesi,
mtu anaweza kuifanya kila siku.
Na alipotaka kusema thamani ya bibi harusi
akasema samani,
nikadhani bwana kaoa kabati.

Wa tatu msichana, hodari, sikatai,
ana sauti ya kila mtu.
Ila kila kizee kwake ni mbuzi.
Mimi nina miaka sitini na mitatu. Nisikilizeni.
Nalia mee?

Mwalimu Hamad alipita na tochi yake, akasimama:
"Huko si kusoma, huko ni uvivu."
Nikamuuliza chuoni tulianza na nini.
Mwalimu akitamka, sisi tukifuatiza,
herufi zilikuja nyuma, pamoja na bakora.
Akaenda zake.
Lakini alikuwa kasimama sura nzima.

Wa nne, ah.
Jina lake Time alinitajia, halikukaa.
Hana mbwembwe. Anasoma kama mtu
anayetafuta sindano aliyoiangusha mwenyewe.
Kitabuni mtu akisema uongo, yeye hupunguza mwendo,
kidogo tu, kama anayevuka tope na viatu vya Idi.
Unamsikia akimeza maji.
Siku moja jogoo aliwika nyuma yake, wakamwacha jogoo,
na jogoo wa Zuwena akamjibu gizani.
Na Mwanaidi, yule mke mwenye hasira za chini kwa chini,
kila akisema "haya" mbele ya mumewe,
msomaji wetu aliitamka kama komeo.

Sura ya kumi na tisa, sauti si yake.
Hakuna aliyetueleza. Kitabu kile kile, mtu mwengine.
Mikono ikasimama, karafuu zikatungoja.
"Kafa?" akauliza Zuwena. "Au kadai mshahara?"
Huyu mpya hana kosa la kumshika,
hata dhambi anaitamka inavyostahiki.
Lakini Mwanaidi akasema "haya"
na mlango ukabaki wazi.
Nikaizima.

Siku tatu tulinyambua tukisikilizana pumzi.
Ya nne Time kaja na kitabu chenyewe kutoka Wete,
cha karatasi, pembe moja imelowa.
Miwani ya Zuwena, tochi ya Time, mdomo wangu.
Nikasoma polepole. Sikuuza bati.
Dhambi nikaipa ulimi wake.
Kisha mkwewe Mwanaidi akaingia ukumbini,
kizee wa watu, ana neno lake la kusema.
Wote wakaniangalia.
Nikavuta pumzi,
nikatoa mbuzi.

Zuwena akanirushia konyo.