Mkanda wa Seremala

Kabla ya bunduki, nunua masikio,
aliniambia Thelma, akipangusa meza ya duka.
Vizibo vizuri, miwani isiyopasuka.
Macho hayauzwi mtumba.

Nilikuwa na dola mia tatu na kidogo,
jasho la jikoni, shule ya Ogallala,
na ukutani kwake silaha zilimeta
kama meno ya tajiri.
Akanipitisha, moja kwa moja hadi nyuma:
bunduki ya marisau, kitako kimechubuka,
mjane mmoja aliileta. Iliwinda kware.
"Hii haijui kukwama."
Raifo utaazima yangu, akasema.
Senti zikibaki, ni za risasi za kujifunzia.

Bastola ninayo, ya Wendell;
miaka sita imelinda soksi drooni.
Ala yake nilinunua mpya, ngumu,
ya kushika kama mama ashikavyo mtoto sokoni.
Mkanda, hapana.
Niliutoa ule wake wa useremala,
nikajaza risasi palipokaa futi kamba.

Jumamosi, upepo wa Nebraska na vumbi lake.
Vijana walishusha mikoba ya bei ya gari langu.
Mmoja aliutazama mkanda, akachekea begani.
Saa ikalia.
Bamba la kwanza, kimya.
La pili, kimya.
La tatu: ngaa!
Nikatia mkono kibwebweni, mbio, risasi ya nne,

nikatoa msumari.

Wa arobaini na moja, kati ya arobaini na watatu.
Msumari sijaurudisha.