Dirisha Namba Nne

Dirisha namba moja wanauliza kadi.
Namba mbili wanauliza bima;
nikasema ilikatika Machi,
wiki ileile nilipouza cherehani ya pili.
Namba tatu hawaulizi, wanataja bei,
na bei yao si ya kitenge cha Tandika,
ambacho ukigeuka kuondoka
unaitwa: njoo basi, tuongee.

Niligeuka kuondoka.
Hakuna aliyeniita.

Shomvi mgongoni, miaka saba,
mwepesi kama furushi la vipande
ninavyofagia jioni chini ya meza.
Selimundu imemshika magoti tangu Jumanne usiku,
na tangu Jumanne nimejifunza
kwamba mtoto hulia kwanza kwa sauti,
kisha hulia bila sauti,
na kilio hiki cha pili ndicho kinachotoboa bati.

Mlinzi wa geti alikuwa anamenya muhogo.
Akasema bila kuinua macho:
"Mficha uchi hazai, fundi.
Nenda ustawi wa jamii, kule nyuma,
wanakoanika mashuka.
Ni dirisha namba nne, ila namba haijaandikwa."

Fomu yenyewe inaitwa ya msamaha.
Nikabaki najiuliza nimemkosea nani.

Bi Generosa, kalamu imefungwa kwa bandeji mezani isiibwe,
aliuliza mtaa, nikasema Kizuiani.
Aliuliza mjumbe, vyumba, watoto.
Aliuliza kwa siku napata ngapi
nami nikasema elfu kumi na tano.
Sijui kwa nini nilidanganya kwenda juu.
Mtu amekuja kuomba, anajikweza!
Akatazama viatu vyangu,
akaandika elfu nne,
akagonga muhuri.

Halafu akauliza jambo ambalo halikuwemo kwenye fomu:
"Na wewe, baba Shomvi, umelala lini?"

Nikafungua mdomo nijibu.
Miaka kumi na tisa napima vifua vya watu,
mabwana harusi, wanakwaya, maiti wawili,
na hakuna aliyewahi kupitisha utepe kwenye changu.
Kilichotoka hakikuwa jibu.
Bi Generosa akasogeza karatasi zisilowe,
akangoja.

Kila Alhamisi, nyuma ya kamba za mashuka,
wazazi wa selimundu wana benchi lao.
Siku ya kwanza nilikaa ukingoni
kama kifungo kisicho na tundu.
Mama Ukende, muuza barafu wa Mtoni,
akanimiminia kahawa ya tangawizi bila kuuliza jina.
"Mnyweshe maji kabla hajaomba," akasema,
"na usingoje alie ndipo umkande."
Mzee Pazi, aliyezika wajukuu wawili na analea wa tatu,
hakusema kitu.
Aliweka mkono wake kwenye goti langu
akauacha pale mpaka kahawa ikapoa.

Usiku wa manane simu ikawaka:
Umeamka?
Nimeamka.
Hata mimi. Na Mama Ukende. Na Pazi.
Nikamgeuza mtoto ubavu wa pili,
na kwa mara ya kwanza chumba hakikuwa na watu wawili tu.

Sisemi tumepona.
Msamaha una tarehe ya kuisha, tarehe thelathini,
kuna vidonge ambavyo dirisha namba nne halivifikii,
na mke wangu bado anahesabu maandazi
kama anayehesabu siku za mtu.

Lakini Alhamisi iliyopita nilikwenda na sindano.
Pazia la Bi Generosa lilikuwa limechanika pindoni,
nikalishona nikiwa nimesimama.
Shomvi, magoti yamempa likizo,
akaomba chaki yangu ya bluu.
Akaandika juu ya dirisha ile namba iliyokosekana,
nne kubwa, imegeukia kinyume.

Mpaka leo hakuna aliyeifuta.